Mkono Umiminao Maziwa: Usawiri wa Kazi za Nyumbani katika Uchoraji wa Maisha ya Kila Siku, Karne ya 17 na 18

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna kazi za nyumbani, hususan kazi za watumishi wa kike, zilivyosawiriwa katika uchoraji wa maisha ya kila siku huko Uholanzi, Uhispania na Ufaransa. Kazi teule ni nne: moja ya Nicolaes Maes (1655), moja ya Johannes Vermeer (takriban 1658), moja ya Jean Siméon Chardin (1739) na moja ya Diego Velázquez (takriban 1618). Mpangilio unafuata hoja wala si tarehe. Hoja kuu ni kwamba mtumishi katika picha hizi husemewa na wengine, na kwamba tofauti baina ya picha inayomkaripia na ile inayomtukuza imo katika fani zaidi kuliko katika maudhui. Hatimaye makala yanalielekea swali la jina: mtu huyu aitweje kwa Kiswahili, na kwa nini jina hilo si jambo dogo?

UTANGULIZI

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amezoea kuliuliza andiko maswali yale yale: nani anasema, anasema na nani, anasema nini, tena kwa mbinu gani. Ni nadra maswali hayo kuelekezwa kwa picha. Hata hivyo mchoraji, sawa na mtunzi wa utenzi, huteua. Yeye ndiye huamua nani aingie na nani abaki nje ya mlango, kipi kiangaziwe na kipi kiachwe gizani.

Uteuzi huo una uzito wa pekee jikoni. Kazi ya jikoni haiachi mnara. Chakula huliwa kikaisha, sakafu iliyopigwa deki asubuhi huchafuka jioni, na nguo iliyofuliwa leo hurudi katika karai wiki ijayo. Aliyeifanya kazi hiyo hana cha kuonyesha, isipokuwa mtu mwingine aamue kumwonyesha. Kwa hivyo, mchoraji anapomsimamisha mtumishi katikati ya picha, amemtolea ushahidi. Swali linalobaki ni hili: ushahidi huo ni wa upande gani?

UTANZU NA HADHI YAKE

Uchoraji wa maisha ya kila siku ni utanzu unaowasawiri watu wasiotajwa majina wakiwa katika shughuli za kawaida: wakipika, wakishona, wakinywa, wakilala. Wahusika wake si wafalme, si mitume, wala si mashujaa wa visasili. Kwa sababu hiyo utanzu huu haukupewa heshima kubwa na wananadharia wa zamani. Katika miaka ya 1660, André Félibien wa Ufaransa alizipanga aina za uchoraji kama ngazi. Picha za historia, dini na visasili aliziweka juu. Za matunda na maua akaziweka chini. Katika ngazi ya namna hiyo jikoni hapakuwa mahali pa kumpatia mchoraji sifa.

Uholanzi ya karne ya 17 ilikuwa na hali tofauti. Kanisa la Kiprotestanti halikuagiza picha za kupamba madhabahu kama lilivyofanya Kanisa Katoliki kwingineko. Wateja wa wachoraji walikuwa zaidi wafanyabiashara, maafisa wa miji na mafundi waliojiweza, na picha walizozinunua zilikuwa ndogo, za kutundikwa ukutani nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha kufanywa somo. Mnamo 1625 mshairi Jacob Cats alichapisha Houwelyck, kitabu cha mashairi ya mawaidha kuhusu ndoa, kilichoyagawa maisha ya mwanamke katika hatua kuanzia usichana hadi ujane. Katika fikra hiyo, nyumba safi ilikuwa dalili ya roho safi, na bibi mwenye nyumba ndiye aliyewajibika kuwasimamia walio chini yake.

Hapa pana jambo lisilopaswa kusahauliwa katika uchambuzi wote unaofuata. Aliyeinunua picha ya mtumishi, aghalabu, alikuwa mtu wa tabaka linaloajiri watumishi. Picha ilitundikwa sebuleni. Aliyechorwa alikuwa jikoni.

USINGIZI WA MTUMISHI: NICOLAES MAES

Nicolaes Maes (1634–1693), mzaliwa wa Dordrecht na mwanafunzi wa Rembrandt, alichora mwaka 1655 picha ambayo leo imo katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini London. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita Mtumishi Mvivu. Msichana ameketi, kichwa amekiegemeza mkononi, macho yamefumba. Mbele yake sahani na vyombo vya kupikia vimetapakaa sakafuni. Nyuma yake paka anamwiba ndege aliyekwisha nyonyolewa. Kando yake amesimama bibi mwenye nyumba, mkono mmoja ameukunjua kumwelekea aliyelala, na uso wake, wenye tabasamu, umetuelekea sisi. Katika chumba cha nyuma wageni wamekaa mezani.

Tukitumia istilahi za usimulizi, bibi ndiye msimulizi. Anazungumza na hadhira moja kwa moja, na mkono wake uliokunjuliwa ni kama kusema, "Jionee mwenyewe." Mtumishi naye ni nafsi ya tatu: anasemwa akiwapo, wala hasikii. Ishara nazo zimepangwa kwa upande wa mashtaka. Kichwa kilichoegemezwa mkononi kilikuwa tangu zamani alama ya uvivu katika sanaa ya Ulaya, na paka mwizi ni hasara inayotokana na uvivu huo. Tabasamu la bibi linaifanya karipio iwe kichekesho, lakini kichekesho hakiifuti karipio.

Hata hivyo, picha inasema zaidi ya msimulizi wake. Ili amshtaki msichana kwa uvivu, Maes alilazimika kuichora kazi yenyewe: sahani moja baada ya nyingine, chungu baada ya chungu, na nyuma yake wageni ambao bado wanakula na kuchafua sahani zaidi. Ushahidi wa mashtaka ndio huo huo ushahidi wa utetezi. Mtazamaji anayezihesabu sahani anaweza kuuliza swali ambalo bibi hakulitarajia: huyu aliamka saa ngapi?

MKONO UMIMINAO: JOHANNES VERMEER

Miaka michache baadaye, katika mji wa Delft, Johannes Vermeer (1632–1675) alimchora mtumishi aliye macho. Picha hiyo ina kimo cha sentimita 45.5 na upana wa sentimita 41, nayo imo katika Rijksmuseum mjini Amsterdam tangu mwaka 1908. Mwanamke mwenye mwili wa nguvu amesimama karibu na dirisha akimimina maziwa kutoka mtungi hadi chombo cha udongo. Mezani pana mikate na kikapu. Ukuta nyuma yake ni mweupe, una mashimo na msumari mmoja. Sakafuni pana kisanduku cha mbao chenye kichungu cha makaa, cha kupashia miguu joto.

Maudhui hapa hayako mbali na yale ya Maes: mtumishi, jikoni, vyombo. Kilichobadilika ni fani, na mambo manne yanaweza kutajwa.

Kwanza ni uchopekaji wa macho. Uchunguzi wa kitaalamu umeonyesha kitundu cha pini katika kitambaa cha picha, juu kidogo ya mkono wa kulia wa mwanamke. Vermeer alitumia uzi uliofungwa kwenye pini ili kupima mistari ya kina, na mistari hiyo hukutana hapo. Kwa hivyo jiometria nzima ya chumba inamwongoza mtazamaji kwenye mkono ufanyao kazi.

Pili ni upunguzaji. Matokeo ya utafiti yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba Vermeer alianza kuchora nyuma ya mwanamke huyo ubao wa kutundikia mitungi, na upande wa chini kikapu cha kuwekea moto, kisha akavifuta vyote viwili kwa rangi. Palipokuwa na vyombo pamebaki ukuta mtupu. Ni uamuzi ule ule wa mshairi anayeufuta ubeti mzuri kwa sababu unaushindania usikivu ubeti ulio bora.

Tatu ni rangi. Aproni ya mwanamke imetiwa buluu iliyosagwa kutokana na lapis lazuli, jiwe lililochimbwa Afghanistan na kufika Ulaya kwa gharama kubwa. Katika uchoraji wa kidini buluu ya jiwe hilo ilitumiwa mara nyingi kwa vazi la Bikira Maria. Vermeer ameivisha aproni ya jikoni.

Nne ni wakati. Maziwa yanaendelea kumiminika na hayaishi. Mwanamke ameinamisha macho kuutazama mmimino huo; hatutazami sisi wala hatuombi huruma. Hakuna bibi wa kutueleza maana. Kwa lugha ya fasihi, msimulizi amejiondoa.

Je, basi picha hii inamtukuza mfanyakazi? Jibu la haraka ni ndiyo, nalo lina haki yake. Lakini uchambuzi wa haki lazima uitazame na sakafu pia. Kando ya kile kisanduku cha makaa pana vigae vya ukutani, na kimoja kina picha ya Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi. Wachambuzi kadhaa wameviona vitu hivi kuwa ishara za tamaa, kwa kuwa sanaa ya Uholanzi ya wakati huo mara nyingi ilimtazama mtumishi wa kike kama windo la bwana. Wengine wanaona kwamba Vermeer ameichukua mila hiyo na kuinyamazisha. Vyovyote iwavyo, heshima aliyopewa mwanamke huyu imewekwa jirani na tetesi.

Kuna na swali la thamani. Mwaka 1696 picha 21 za Vermeer ziliuzwa kwa mnada mjini Amsterdam. Picha ya mtumishi huyu ilipata gilda 175, ikazidiwa na moja tu, mandhari ya mji wa Delft, iliyopata gilda 200. Hivyo, miongo minne hivi baada ya kuchorwa, mkono wa mtumishi ulikuwa na bei kuliko mabibi wote wenye lulu waliouzwa siku ile. Bei hiyo ilikuwa ya picha.

PUMZIKO NA TUHUMA: JEAN SIMÉON CHARDIN

Chardin (1699–1779) alipokelewa katika Chuo cha Kifalme cha Uchoraji cha Ufaransa mwaka 1728, kama mchoraji wa wanyama na matunda, yaani karibu na chini kabisa ya ngazi ya Félibien. Katika miaka ya 1730 aligeukia jikoni. Picha yake La Pourvoyeuse, ambayo nakala yake ya mwaka 1739 imo Louvre, inamwonyesha mtumishi aliyetoka sokoni. Ameweka mikate mikubwa juu ya kabati, mkononi ana nyama iliyofungwa katika kitambaa, naye ameegemea kidogo kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuanza kazi inayofuata.

Pumziko hili linafaa kulinganishwa na usingizi wa msichana wa Maes. Watumishi wote wawili wameacha kazi kwa muda. Katika Maes muda huo ni kosa. Katika Chardin ni sehemu ya kazi yenyewe. Uzito wa mzigo unaonekana katika mwili, na kusimama kwake hakuhitaji udhuru. Mchoraji wa Kifaransa hakumpa mtumishi maneno, ila amempa pumzi.

Lakini picha za wakati huo hazikusafiri peke yake. Zilichongwa katika sahani za shaba, zikachapishwa na kuuzwa kwa bei nafuu, na chini yake mara nyingi paliongezwa beti. Bernard Lépicié alipoichapa picha hii mwaka 1742, chini yake palitiwa ubeti unaomwambia mtumishi, kwa utani, kwamba kwa kumtazama tu mtu anaweza kukisia kuwa pesa za kununulia nguo zake anazidokoa katika pesa za matumizi ya nyumba. Katika picha hakuna dalili ya wizi. Tuhuma imeletwa na maneno.

Kwa wanafunzi wa lugha, hili ni funzo zito. Hudhaniwa kwamba maneno huifafanua picha. Hapa maneno yameiteka. Maelfu ya macho yaliyoiona chapa hiyo yalifundishwa kumtazama mchovu na kumwona mwizi. Ubeti wa mistari minne ulitosha kumrudisha mtumishi wa Chardin katika kizimba cha Maes.

ANAYESIKILIZA: DIEGO VELÁZQUEZ

Picha ya nne inaturudisha nyuma hadi Sevilla, takriban mwaka 1618, wakati Velázquez alipokuwa hajatimiza umri wa miaka ishirini. Inamwonyesha mtumishi wa jikoni mwenye asili ya Kiafrika, kitambaa cheupe kichwani, ameinama mezani penye mitungi, kinu cha shaba na kitunguu saumu. Sevilla ya wakati huo ilikuwa na idadi kubwa ya watumwa, wengi wao Waafrika, na kazi za nyumbani zilikuwa miongoni mwa kazi zao za kawaida. Aliyemtazama mwanamke huyu wakati ule angeweza kabisa kumchukulia kuwa mali ya mtu.

Kwa muda mrefu picha iliyoko Dublin ilionekana kuwa ya jikoni tu. Iliposafishwa mwaka 1933, nyuma ya mwanamke ikajitokeza sehemu iliyokuwa imefunikwa kwa rangi: dirisha, na ndani yake Yesu aliyefufuka akiwa mezani Emau. Katika Injili ya Luka, wanafunzi wawili walitembea na Yesu njia nzima wasimtambue, hadi alipoumega mkate.

Ugunduzi huo unageuza maana yote. Mwanamke ameinamisha kichwa upande mmoja, mithili ya mtu aliyesikia sauti nyuma yake. Wageni mezani ndio wanaohudumiwa. Yeye ndiye anayesikiliza. Huenda ametambua kabla yao, au sambamba nao, kwamba mgeni ni nani. Kazi za Maes na Chardin zinamtazama mtumishi kwa nje. Velázquez amefungua mlango wa ndani na kudokeza kwamba mtumishi ana fikra, na kwamba fikra hizo zinahusu jambo kubwa kuliko sahani. Rangi iliyofunika dirisha, bila kujali ilipakwa kwa nia gani, ilimwondolea mwanamke huyu kile alichokuwa akikisikiliza, ikamwachia vyombo tu.

SWALI LA JINA

Picha ya Vermeer hujulikana kwa Kiholanzi kwa jina linalotafsirika kama "msichana wa maziwa." Jina hilo linapotosha, kwani kazi yake si kukamua, ni mtumishi wa jikoni. Orodha ya mnada wa 1696 ilikuwa makini zaidi, ilisema tu kwamba ni mtumishi amiminaye maziwa.

Mtafsiri wa Kiswahili atachagua neno gani? "Mkamuaji" ni kosa. "Mjakazi" ni neno zuri la kifasihi, lakini katika mwambao wa Afrika Mashariki maana yake ya msingi ni mtumwa wa kike, na mwanamke wa Delft alikuwa huru na mwenye ujira. Kwa mwanamke wa Sevilla, kinyume chake, huenda "mjakazi" ndilo neno la kweli, na "mtumishi" likawa la kuficha. "Yaya" humlea mtoto. "Mfanyakazi wa nyumbani" ni neno la sheria na mikataba ya leo, linaloitambua nyumba kuwa mahali pa kazi. Kila neno linakuja na historia yake, na anayelichagua amekwisha toa hukumu.

Historia hiyo imo pia katika fasihi yetu. Utenzi aliomtungia bintiye Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mwaka 1858, unamwusia binti huyo kuhusu dini, mume na adabu za nyumba, na miongoni mwa wosia huo ni kutochangamana na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Cats na Mwana Kupona hawakujuana, na hakuna haja ya kutafuta athari ya mmoja kwa mwingine. Kinachowaunganisha ni mahali wanaposimama. Wote wawili wanamwelekeza mwenye nyumba. Anayetwanga na kuteka maji yumo katika ubeti, lakini hazungumzi.

Je, yuko aliyezungumza? Yuko mmoja, tena katika nyumba ya Vermeer mwenyewe. Mchoraji aliishi kwa mama mkwe wake, Maria Thins, na humo alitumika mwanamke aitwaye Tanneke Everpoel. Katika miaka ya 1660 Tanneke alitoa ushahidi mbele ya mthibitishaji hati kuhusu Willem, mtoto wa kiume wa Maria Thins, aliyemfanyia dada yake Catharina, mkewe Vermeer, fujo na ukatili. Willem alipotaka kumdunga Catharina, naye ni mja mzito, kwa fimbo yenye ncha ya chuma, Tanneke ndiye aliyemzuia. Wapo wanaokisia kwamba Tanneke ndiye mwanamke wa kwenye picha. Hakuna ushahidi wa hilo, wala hauhitajiki. Inatosha kujua kwamba katika nyumba ambamo mchoraji alitengeneza kimya kizuri cha mtumishi, alikuwapo mtumishi aliyesimama kati ya fimbo na mwanamke mwenye mimba, kisha akaieleza sheria alichokiona.

HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba kazi za nyumbani zilipoingia katika uchoraji ziliingia kwa mlango wa mwajiri. Maes amemshtaki mtumishi, na bila kukusudia akaorodhesha kazi yake. Vermeer amempa nuru, rangi na kitovu cha picha. Chardin amempa pumziko, wachapishaji wakamwekea tuhuma. Velázquez amempa sikio. Hakuna kati yao aliyempa jina.

Mwanafunzi anayetaka kuuendeleza uchunguzi huu katika fasihi ya Kiswahili anaweza kuanza na maswali matatu. Katika andiko hili, nani anapika na nani anakula? Anayepika anasema, au anasemewa? Na anapoitwa, anaitwa kwa jina lake au kwa kazi yake? Maswali hayo yaelekezwe kwa tenzi, riwaya na tamthilia tulizozisoma mara nyingi, ambamo chai huletwa mezani na msomaji hupita bila kuuliza imeletwa na nani.